Jicho la Shahidi na Tone la Damu

Katika lugha yetu kitenzi "kushuhudia" kina maana mbili. Mtu hushuhudia ajali anapoiona ikitokea, na hushuhudia tena anaposimama mbele ya hakimu kuieleza. Lugha imeyaunganisha mambo mawili ambayo kwa kweli yako mbalimbali, maana kati ya kuona na kueleza hupita siku, miezi, pengine miaka, na katika muda huo tukio huwa limehifadhiwa mahali pamoja tu, nalo ni ubongo wa binadamu. Katika makala haya tutajaribu kueleza hali ya hifadhi hiyo, kisha tuilinganishe na hifadhi nyingine ambayo mahakama zilianza kuitumia katika miaka ya 1980, yaani vinasaba, ambavyo wanasayansi huviita kwa herufi tatu, DNA. Walimu wa biolojia, hisabati na uraia watakuta humo mambo yanayohusu masomo yao.

Tuanze na mkasa mmoja. Usiku mmoja wa Julai mwaka 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina nchini Marekani, mtu alivunja nyumba ya mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 22 akambaka. Mwanafunzi huyo hakupoteza akili. Wakati wote alijitahidi kuikariri sura ya mshambuliaji, kwa nia ya kumtambulisha baadaye kama angenusurika. Usiku uleule mwanamke mwingine katika mji huo alitendewa vivyo hivyo. Baada ya siku chache polisi walimwonyesha mwanafunzi picha sita. Alizitazama kwa dakika kadhaa, akachagua picha ya kijana aitwaye Ronald Cotton. Baadaye alipelekwa kwenye gwaride la utambuzi la watu saba. Alisitasita kati ya wawili, mwishowe akamwonyesha Cotton. Polisi wakamwambia kwamba huyo ndiye yuleyule aliyemchagua katika picha.

Msomaji na atue hapo kidogo. Katika gwaride lile mtu pekee ambaye picha yake ilikuwa miongoni mwa zile sita alikuwa Cotton. Je, shahidi alikuwa akiikumbuka sura ya usiku ule, au sura ya ile picha? Yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kujua, na mtu mwingine yeyote asingejua. Tangu siku hiyo shaka ilimtoka kabisa. Januari 1985 Cotton alihukumiwa kifungo cha maisha na miaka 50 juu yake.

Gerezani Cotton alikutana na mfungwa mmoja, Bobby Poole, aliyefanana naye, na ambaye inasemekana alijigamba kwamba ndiye aliyetenda makosa yale. Kesi ilisikilizwa upya mwaka 1987, na Poole akaletwa mahakamani. Mwanafunzi yule alimtazama uso kwa uso, akasema hajapata kumwona maishani mwake. Cotton akarudishwa gerezani, safari hii akiwa na hatia ya makosa ya nyumba zote mbili. Ilipofika mwaka 1995, vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa na polisi vilipimwa vinasaba. Havikuwa vya Cotton. Vililingana na vya Poole, naye akakiri. Cotton alitoka tarehe 30 Juni 1995, baada ya miaka kumi na nusu.

Nimeuchagua mkasa huu kwa sababu shahidi hakuwa mwongo, wala mlevi, wala mzembe. Alikuwa shahidi bora kuliko wengi wetu tungeweza kuwa. Tumezoea kudhani kwamba hatari ya ushahidi ni uwongo, na sheria imeweka kiapo na adhabu kwa ajili ya waongo. Kwa mtu anayekosea kwa moyo mweupe kiapo hakisaidii neno.

Hatari hiyo haikuanza majuzi. Mwaka 1896 mahakama ya London ilimfunga Adolf Beck miaka 7 kwa kuwalaghai wanawake na kuwaibia vito. Wanawake wapatao kumi, mmoja baada ya mwingine, walimtambua. Alimaliza sehemu kubwa ya kifungo, akatoka, na mwaka 1904 akashtakiwa tena na kutiwa hatiani kwa makosa ya namna ileile. Alipokuwa akingoja hukumu, polisi walimkamata mlaghai halisi akiwa kazini. Wale wanawake wote walikuwa wamekosea, tena walikosea kwa umoja. Aibu ya kesi hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya Uingereza ianzishe Mahakama ya Rufani ya Jinai mwaka 1907. Kwa hiyo wingi wa mashahidi pekee si dawa: jambo linalompotosha mmoja laweza kuwapotosha wote.

Kumbukumbu ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba kumbukumbu ni kama picha iliyopigwa na kuwekwa sandukuni. Ikififia hufifia, lakini haibadiliki. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alionyesha katika kitabu alichokitoa mwaka 1932 kwamba sivyo. Aliwapa wasomaji Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Mambo waliyoyaona mageni waliyageuza yakawa ya kwao. Mitumbwi, mathalani, ikawa mashua. Hawakukusudia kubadilisha. Walikuwa wakiijenga hadithi upya kila mara, na palipokuwa na pengo walilijaza kwa vitu walivyovizoea.

Jaribio lililo mashuhuri zaidi ni la Elizabeth Loftus na John Palmer, lililotangazwa mwaka 1974. Wanafunzi walionyeshwa filamu za magari yakipata ajali, kisha wakaulizwa magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Swali lilikuwa moja kwa wote isipokuwa kitenzi. Walioulizwa kasi ya magari "yalipopondana" walikadiria kwa wastani zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kasi yake "yalipogusana" walikadiria maili 31.8. Filamu zilikuwa zilezile. Katika jaribio la pili waliwarudia wanafunzi wengine 150 baada ya wiki moja, wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Miongoni mwa 50 waliokuwa wameulizwa kwa kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Miongoni mwa 50 walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida, 7. Na kati ya 50 ambao hawakuulizwa habari ya kasi kabisa, 6.

Neno moja la muulizaji limeingia katika kumbukumbu na kuvunja vioo. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi shahidi katika mahakama zetu za juu alisema kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kabila lake kupitia kwa mkalimani, na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Kati ya "alimgusa", "alimsukuma" na "alimkumba" pana umbali mkubwa kwa mtu anayeshtakiwa kuua. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na hilo ni jema, ila bado swali la kwanza kabisa huulizwa kituoni na askari, na askari huchagua kitenzi chake mwenyewe.

Kuna mengine yanayojulikana kuhusu jicho. Mtu anayetishwa kwa bastola au panga hulitazama sana panga na kidogo uso wa aliyelishika. Mtu mwenye hofu hukadiria muda wa tukio kuwa mrefu kuliko ulivyokuwa. Na sisi sote huzitambua vizuri zaidi sura za watu wa asili yetu kuliko za wageni. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwenye nyumba niliyopanga alinisalimu kwa miezi miwili kwa jina la mwanafunzi wa Ghana aliyekaa ghorofa ya juu, mtu aliyenipita kimo kwa shubiri nzima. Sikuweza kumlaumu sana, kwani mimi nami wiki zile za kwanza nilikuwa nikiwachanganya wahadhiri wangu wawili, mpaka nilipogundua kwamba mmoja alivuta kiko. Katika kesi ya Cotton shahidi alikuwa mzungu na mshtakiwa mweusi.

Lakini linalonisumbua kuliko yote ni habari ya uhakika wa shahidi. Mahakimu, mawakili na sisi raia wa kawaida huvutwa na shahidi anayesema, "Sina shaka hata kidogo." Gary Wells na Amy Bradfield walitangaza mwaka 1998 jaribio ambalo watazamaji walionyeshwa filamu ya mtu, kisha picha kadhaa ambazo mtu huyo hakuwamo. Wote waliochagua walikosea. Baadhi yao wakaambiwa tu kwamba wamemchagua mshukiwa barabara. Hao, walipoulizwa baadaye, walisema kwamba tangu mwanzo walikuwa na uhakika mkubwa, walimwona vizuri, na walimtazama kwa makini. Sentensi moja ya sifa ilikuwa imebadilisha kumbukumbu ya sura na kumbukumbu ya uhakika wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa Burlington baada ya gwaride. Uhakika unaostahili kupimwa ni ule wa dakika ya kwanza ya utambuzi, kabla ya mtu yeyote kusema neno, nao usipoandikwa papo hapo umepotea.

Vinasaba vinavyosoma mtu

Sasa tugeukie hifadhi ya pili. Karibu kila seli ya mwili wetu ina kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Kromosomu zimebeba uzi mrefu wa kemikali ulioandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, na seti moja ina herufi zipatazo bilioni 3. (Mwanafunzi makini atauliza kuhusu chembechembe nyekundu za damu, ambazo hazina kiini. Ni kweli, vinasaba vya tone la damu hutoka katika chembechembe nyeupe.)

Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni sawa kwa watu wote. Lakini pana mahali ambapo neno fupi, kama AATG, hurudiwarudiwa, na idadi ya marudio hutofautiana. Mtu mmoja aweza kuwa na marudio 6 kutoka kwa mama na 9 kutoka kwa baba. Mwingine 7 na 8. Mtaalamu wa maabara huhesabu marudio katika mahali kadhaa palipochaguliwa, na orodha ya namba anayoipata ndiyo inayolinganishwa. Marekani ilitumia mahali 13 tangu mwaka 1998, na 20 tangu mwaka 2017.

Tuseme, kwa mfano wa darasani, kwamba jozi fulani ya namba hupatikana kwa mtu 1 katika kila watu 10. Jozi mbili kwa pamoja zitapatikana kwa mtu 1 katika 100, tatu kwa 1 katika 1,000, na kumi na tatu kwa 1 katika trilioni 10, ilhali dunia nzima ina watu wapatao bilioni 8. Hesabu hii ni halali iwapo kila mahali hurithiwa bila kutegemea pengine, na iwapo watu wanaolinganishwa si ndugu. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi 1 katika 4 ya kurithi jozi ileile katika kila mahali. Kwa hiyo katika mahali 13 nafasi yao ya kulingana kwa kurithi ni robo iliyozidishwa kwa yenyewe mara 13, yaani kama 1 katika milioni 67. Bado ni ndogo, lakini ni kubwa mno kuliko ile ya kwanza. Mapacha wa yai moja hulingana kabisa kwa kipimo hiki.

Aliyefungua njia hii ni Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, Septemba 1984, miezi miwili tu baada ya mkasa wa Burlington. Mwaka uliofuata alithibitisha kwamba kijana wa familia yenye asili ya Ghana, aliyezuiwa kuingia Uingereza, alikuwa kweli mtoto wa mama yake. Kisha polisi wakamletea vielelezo vya wasichana wawili waliouawa katika vijiji vya jirani mwaka 1983 na 1986. Kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri kuua mmoja wao. Kipimo kilionyesha kwamba mauaji yote mawili yalifanywa na mtu mmoja, na kijana yule siye. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya vinasaba katika kesi ya mauaji ilikuwa kumwokoa mtu asiye na hatia, aliyekuwa amejishuhudia mwenyewe! Polisi wakawapima damu maelfu ya wanaume bila kumpata mwuaji, kwa sababu mmoja wao, Colin Pitchfork, alimshawishi mwenzake atoe damu kwa jina lake. Siri hiyo ilifichuka kwa maneno yaliyosikika baani, na Pitchfork akakamatwa mwaka 1987. Msomaji asilipite jambo hili harakaharaka. Maabara ilithibitisha, lakini aliyemleta mtuhumiwa mlangoni alikuwa shahidi mwenye masikio.

Tone la damu nalo husema nini?

Huu ndio upungufu mkuu wa vinasaba. Hujibu swali moja tu, yaani seli hizi ni za nani. Hazisemi zilifika lini, kwa njia gani, wala kwa nia gani. Mwaka 2012 katika jimbo la California mtu alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vyake vilikutwa kwenye kucha za marehemu. Usiku huo alikuwa amelazwa hospitalini akiwa amelewa kupita kiasi. Ilibainika baada ya miezi kadhaa kwamba wahudumu wa gari la wagonjwa waliomhudumia ndio waliokwenda baadaye nyumbani kwa marehemu, wakazibeba seli zake pamoja nao. Kipimo hakikukosea hata herufi moja.

Kisa cha Ujerumani ni cha kuchekesha na kuhuzunisha. Polisi walimtafuta kwa miaka mingi mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilikutwa katika makosa yasiyohusiana, wizi kwa mauaji, Ujerumani, Austria na Ufaransa, pamoja na mauaji ya askari polisi mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikagunduliwa kwamba vijiti vya pamba vya kuchukulia vielelezo vilikuwa vimeguswa na mfanyakazi wa kike wa mahali vilikotayarishwa. Mhalifu huyo hakuwapo kamwe. Sababu ya kisayansi ni rahisi: maabara hunakili vinasaba kwa kuvizidisha mara mbili katika kila mzunguko, na mizunguko 30 hutoa nakala zaidi ya bilioni 1 kutoka nakala moja. Chombo chenye uwezo wa kuona seli chache za mhalifu kitaona pia seli chache za mtu mwingine yeyote.

Kuna pia kosa la hesabu ambalo hata wasomi hulifanya. Tuseme vinasaba vilivyoharibika vimesomeka mahali pachache tu, na uwezekano wa mtu asiyehusika kulingana navyo ni 1 katika milioni 1. Mwendesha mashtaka husema, "Basi uwezekano kwamba mshtakiwa hana hatia ni 1 katika milioni." Sivyo. Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya mwaka 2022, kwa hiyo tungetarajia kuwakuta humo watu kama watano wanaolingana. Ikiwa hakuna ushahidi mwingine, mshtakiwa ni mmoja tu kati ya hao. Ushahidi mwingine ukiwapo, hata mdogo, hesabu hubadilika upesi.

Mahakama za Afrika Mashariki hazikungoja maabara ili kulishuku jicho. Mwaka 1953, katika shauri la Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilitahadharisha kuhusu kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja katika mazingira magumu. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani, ilisema kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu mno, usiofaa kutegemewa mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Ilitaka yachunguzwe mambo kama umbali, mwanga, muda wa kutazama, na kama shahidi alimfahamu mtu huyo kabla. Mwanasaikolojia hana la kuwafundisha majaji hao, ila huenda angeongeza swali moja: je, shahidi alisema nini mara ya kwanza, na nani alizungumza naye baada ya hapo?

Tanzania ilitunga sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009, na vipimo hufanywa katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hata hivyo tusijidanganye. Mnyang'anyi anayempora mama sokoni Magomeni jioni hatoi damu wala hadondoshi nywele inayoweza kuokotwa miongoni mwa nyayo za watu mia. Na pale damu ilipodondoka, nguo mbichi ikitiwa katika mfuko wa plastiki na kuwekwa kituoni kwenye joto la pwani, bakteria huviharibu vinasaba kabla havijafika maabara. Yafaa ianikwe kivulini ikauke, kisha itiwe katika bahasha ya karatasi. Kwa hiyo katika kesi nyingi jicho litabaki kuwa ushahidi pekee, na kwa maoni yangu fedha kidogo tulizo nazo zingefaa zitumike kwanza katika kurekebisha gwaride la utambuzi kabla ya kununua mashine mpya. North Carolina, jimbo lilelile lililomfunga Cotton, lilipitisha sheria mwaka 2007 kwamba gwaride liendeshwe na mtu asiyejua mshukiwa ni yupi, na watu waonyeshwe mmoja mmoja. Mabadiliko hayo hayahitaji kemikali yoyote.

Mwalimu aweza kuyaonyesha haya darasani kwa kipindi kimoja na nusu. Amwombe mtu asiyefahamika kwa wanafunzi aingie ghafla, achukue kitabu mezani, aseme maneno mawili matatu, atoke, yote kwa nusu dakika. Somo liendelee kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya dakika ishirini kila mwanafunzi aandike, bila kuongea na mwenzake, kimo cha mgeni, mavazi yake, alichochukua, alichosema, na muda aliokaa. Nusu ya darasa iulizwe pia, "Kofia yake ilikuwa ya rangi gani?" ilhali mgeni hakuvaa kofia. Nusu nyingine isiulizwe. Kesho yake wote waulizwe kama alivaa kofia, majibu ya nusu mbili yahesabiwe ubaoni, na kila mmoja aandike ana uhakika kiasi gani kabla ya kuambiwa lolote. Kisha mgeni aingie tena akiwa pamoja na watu wengine wanane wa kimo na umri kama wake, naye akumbushwe mapema aje na shati jingine.